Makaa Yaliyokolea Chini ya Bati

Bagamoyo, Jumatano, katikati ya masika, 1957. Mvua ilianza kabla ya adhana ya Alfajiri, na sasa Adhuhuri imeshapita na bado haijapumua.

Naandika nikiwa barazani, daftari juu ya magoti, kwa sababu sijui la kufanya na mikono yangu. Nyuma yangu kuna pazia. Nyuma ya pazia, ukumbini, amelala binti yangu Zena na mtoto wake wa kike, mchanga, ambaye hata jina hajapewa. Mtoto hajanyonya tangu alfajiri. Akiguswa shavu hufumbua jicho moja, kisha hulala tena.

Tumekubaliana hivi: adhana ya Alasiri ikimkuta hajanyonya, tunakwenda naye hospitali, mvua iwe mvua au iwe gharika. Mimi nilitaka twende mara moja. Wanawake wakasema mtoto mchanga kiasi hiki hatolewi nje kwenye mvua kama hii. Basi tukakutana kwenye Alasiri.

Nasikiliza. Sisikii kitu ila mvua juu ya bati.

Zena ni kitindamimba wangu. Mumewe ni karani Dar es Salaam, na Zena, kama ilivyo desturi yetu, uzazi wa kwanza amekuja kujifungulia kwao. Mkunga wake ni Bi Mwanaidi, mwanamke aliyenizidi umri, aliyempokea hata Zena mwenyewe kwa mikono yake alipozaliwa. Tangu mtoto azaliwe, Bi Mwanaidi na mke wangu Tatu wamehamia chumba cha uzazi, na huko mwanamume haingii. Mzazi hukandwa maji ya moto asubuhi na jioni, hufukizwa ubani, na chini ya kitanda chake cha kamba huwekwa seredani, yaani jiko la makaa, ili joto lirudishe viungo mahali pake na upepo usimwingie. Madirisha hufungwa. Ndivyo mama yangu alivyolala aliponizaa mimi, na ndivyo Tatu alivyolala kwa kila mtoto wetu.

Leo asubuhi Tatu alitoka kuchukua uji, nikamwuliza habari za mzazi. Akasema Zena anaumwa kichwa tangu jana, kinamgonga kama kinu. Ana kizunguzungu, na chakula cha jana alikitapika. Ajabu yake, akasema, akitolewa uani kuoga kichwa kinatulia, akirudi chumbani nacho kinarudi. Bi Mwanaidi ameshalitambua: ni baridi. Maji ya moto huitoa, kisha chumba huirudisha. Kwa hiyo ameagiza makaa yaongezwe, na gunia lizibe ule upenyo wa chini ya mlango.

Niliposikia hivyo niliweka kikombe chini.

Nimefundisha sayansi miaka mingi kabla ya kustaafu. Nitaandika hapa ninalolijua, kwa utaratibu, kwa kuwa utaratibu ndio pekee unaonituliza saa hii.

Makaa ni kaboni. Yakiungua penye hewa tele, kila atomi ya kaboni hujipatia atomi mbili za oksijeni, na hewa inayotoka si ya kutisha sana. Yakiungua penye hewa haba, kaboni hupata oksijeni moja tu. Hewa hii ya pili haina rangi, haina harufu, haiwashi macho.

Ni sumu.

Kwa nini iwe sumu? Hapa ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wakianza kusinzia, na hapa ndipo mimi nilipokuwa nikiamka. Nilipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba elektroni huzunguka kiini cha atomi kama mbuzi aliyefungwa kambani anavyozunguka kigingi. Vitabu vilivyokuja baadaye vimetuambia tuiache picha hiyo. Elektroni haina njia ya kuchorwa. Ina mahali inapokaa, na mahali hapo huitwa obitali. Fikiria wingu: pale lilipo zito ndipo unapoweza zaidi kuikuta. Obitali nyingine ni ya mviringo kama chungwa. Nyingine ina sehemu mbili, moja huku na moja kule, kama vibuyu viwili vilivyounganishwa shingo kwa shingo. Chuma kina nyingine zenye sehemu nne, kama ua lenye petali nne.

Atomi mbili zikikaa mbali, kila moja na wingu lake, hazihusiani. Zikisogeleana, mawingu yao huanza kupandana. Darasani nilikuwa nikiweka vyetezo viwili vya ubani mezani na kufunga mlango ili upepo usiingie. Katikati, pale moshi wa huku unapoingia ndani ya moshi wa kule, ndipo panapokuwa pazito. Kwenye atomi ni hivyo pia: elektroni mbili, kwa kawaida moja kutoka kila upande, hupata makao pale katikati, zikivutwa na viini vyote viwili kwa pamoja. Hali hiyo ni tulivu kuliko kila atomi kuwa peke yake, na nguvu inayozidi hutoka nje kama joto. Anayetaka kuzitenganisha lazima azirudishie nguvu hiyo. Hicho ndicho kifungo cha kikemia. Hakuna kamba, hakuna ndoana. Ni mawingu yaliyopandana, na kadiri yanavyopandana vizuri ndivyo kifungo kinavyokuwa kigumu.

Mfano wa ubani una kasoro, nami sikuwaficha wanafunzi. Obitali ina tabia ya wimbi. Gusa maji ya beseni kwa vidole viwili: mwinuko ukikutana na mwinuko, maji hupanda, mwinuko ukikutana na bonde, maji hulala kana kwamba hayakuguswa. Mawingu ya atomi nayo yakikutana kwa kukubaliana hufunga, yakikutana kwa kupingana husukumana. Na hata yakikubaliana, atomi zikikaribiana kupita kiasi, viini vyenyewe huanza kusukumana. Kwa hiyo hukaa kwa umbali wao, si karibu mno wala si mbali mno.

Sasa damu. Damu yetu ina chuma. Oksijeni tunayoivuta hukaa juu ya chuma hicho kwa kifungo chepesi: hupanda mapafuni na kushuka inapohitajika, kama abiria na basi. Lakini ile hewa ya makaa, upande wake wa kaboni, una obitali iliyochomoza nje, yenye elektroni mbili ambazo hazijashughulishwa. Obitali hiyo hukielekea chuma uso kwa uso, mahali ambapo chuma kina obitali tupu. Zinapandana. Kisha chuma nacho, kwa zile petali zake, hupandana ubavu kwa ubavu na nafasi tupu za hewa ile, kikairudishia elektroni. Inatoa kwa mkono mmoja na kupokea kwa mwingine. Oksijeni haiwezi kushindana na mshiko wa namna hiyo. Abiria huyu hashuki. Basi linazunguka mwilini limejaa, na vituoni watu wamesimama wanangoja.

Faraja ni moja. Kifungo hicho si cha milele. Mtu akitolewa penye hewa safi, oksijeni tele huisukuma ile sumu kidogo kidogo mpaka itoke. Lakini huchukua muda mrefu, na hakuna anayeweza kuiharakisha kwa kuitazama.

Nimegeuka kutazama pazia. Halijatikisika.

Nirudi kwenye asubuhi.

Nilisimama nje ya mlango wa chumba cha uzazi. Mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu hata nikalazimika kupaza sauti, mimi ambaye sijapata kupaza sauti mbele ya Bi Mwanaidi.

“Shikamoo, Bi Mwanaidi.”

“Marahaba, Mwalimu. Umepotea njia? Baraza iko mbele.”

Nikamwomba atoe seredani na afungue dirisha. Akauliza kwa nini. Na swali la kwa nini, maisha yangu yote, sijaweza kuliacha lipite.

Nilianza na atomi.

Nilisema mengi, kwa sauti ya juu, nikiuambia mlango. Nilifika kwenye mawingu yanayopandana. Ndani kulikuwa kimya, nikadhani ni kimya cha kuelewa. Kisha nikamsikia Tatu akicheka, na sauti yake ikasogea karibu na ubao.

“Baba Zena, mwanao ana kichwa. Hana mtihani.”

Bi Mwanaidi hakucheka. Akasema makaa yake huyakoleza uani mpaka moshi wote uishe ndipo ayaingize ndani. Hajapata kumwekea mzazi makaa mabichi, na kama upo moshi nimwonyeshe ulipo. Nikasema hatari si moshi. Akauliza ni nini basi. Nikasema ni kitu kisichoonekana wala kunuka. Akajibu kwamba visivyoonekana anavijua kuliko mimi, na ndiyo maana anafukiza ubani.

Kisha akaongeza:

“Moto huu nawawashia wazazi tangu sijaota mvi. Mama yako ameuota, wewe ukiwa ubavuni mwake. Huyu Zena nimempokea juu ya moto huu huu. Nitajie mmoja aliyekufa.”

Sikuwa na wa kumtaja.

Nilirudi barazani nikakaa. Naona haya kuandika kwamba kwa kitambo nilijaribu kuamini kuwa yeye ndiye sahihi. Ingekuwa rahisi. Ningemaliza chai yangu. Lakini elektroni haijui desturi. Chuma kilichokuwa katika damu ya mama yangu ndicho kilicho katika damu ya Zena, na obitali zake hupandana vile vile. Ikiwa seredani ina madhara leo, ilipaswa kuwa na madhara wakati ule. Na wakati ule haikuwa nayo; Bi Mwanaidi hasemi uongo.

Kimebadilika nini?

Nililikalia swali hilo huku nikiudhika, kwa sababu kelele za mvua zilinizuia kufikiri.

Kelele za mvua.

Katika nyumba niliyozaliwa mvua haikuwa na kelele. Makuti huipokea kimya kimya. Hata nyumba hii ilikuwa ya makuti mpaka kiangazi kilichopita, nilipotumia kiinua mgongo changu kuiezeka bati. Ulikuwapo uwazi kati ya ukuta na paa, umeizunguka nyumba nzima, upana wa kiganja. Fundi aliniuliza aufanyeje. Nikamwambia auzibe kwa mawe na chokaa, popo wametuchosha. Madirisha ya zamani ya mbao zenye nyufa nikayang'oa, nikatia ya vioo, yanayofunga sawasawa. Majirani walikuja kutazama. Nilifurahi sana kutazamwa.

Miaka yote hiyo hewa ya makaa ilipanda na kutokea juu, na hewa mpya ikaingia nyuma yake. Moto wa Bi Mwanaidi ulikuwa na mlango wake, naye hakuwa na haja ya kujua kwamba upo.

Mimi ndiye niliyeuziba.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka nimesimama tena kwenye ule mlango, na safari hii sikutaja atomi.

“Bi Mwanaidi, chumba ulichompokelea Zena kilikuwa na paa gani?”

“Makuti. Wewe hukijui?”

“Kilikuwa na popo?”

“Popo tele. Mmoja aliniangukia begani nikiwa nimeshika kitovu.”

“Sasa wanaingilia wapi?”

 Nilisikia bati tu. Nilijua ameinua uso, kwa kuwa mimi pia nilikuwa nimeuinua wangu, nikitazama pale ukuta wa ukumbini ulipokutana na paa: chokaa nyeupe, safi, isiyo na tundu la kupitisha hata mende.

“Tatu,” akasema ndani, kwa sauti ya chini kuliko zote alizotumia leo, “mshike mtoto.”

Mlango ulifunguka, gunia likaburuzika nyuma yake. Niligeuza uso ukutani kama inavyostahili. Bi Mwanaidi alinipita na seredani, ameishika kwa vitambaa viwili, akaenda nayo mpaka uani na kuiweka chini ya upenu. Kisha akajiegemeza kwenye nguzo, mvua ikimrukia miguuni.

“Kichwa kinaniuma tangu juzi,” alisema bila kunitazama. “Nilidhani ni utu uzima.”

Nyuma yangu Tatu, mtoto akiwa begani, alikuwa anamtoa Zena. Alimtoa kwa kumkokota, maana miguu yake haikumbeba. Zena alipopita karibu yangu nilisikia harufu ya jasho na ubani, na sauti yake kavu.

“Baba,” alisema, “haamki.”

Hapo ndipo nilipojua habari za mtoto. Mpaka wakati ule nilidhani napigania kichwa cha binti yangu.

Bi Mwanaidi hakujisalimisha kwangu, nami sikutaka ajisalimishe. Alirudi na masharti. Zena atalala ukumbini, sawa, lakini azungushiwe mablanketi mpaka shingoni. Moto utabaki uani na hautazimwa. Maji ya kumkandia yatachemshwa juu yake, na mchanga utapashwa humo, ufungwe kwenye vitambaa, uwekwe miguuni pake. Mlango wa mbele utaachwa wazi, lakini pazia lishushwe. Na mimi nitoke. Nilikubali yote. Angeniambia nikakae juu ya mnazi ningekwenda.

Ndivyo nilivyofika hapa.

Sasa nangoja, na bati hili nililolinunua mwenyewe linanizuia kusikia. Mtoto anaweza kuwa analia ndani nisimsikie. Anaweza kuwa kimya nisijue. Mara mbili nimeita kuuliza. Mara ya kwanza Tatu alijibu kwamba bado. Mara ya pili hakujibu mtu, na sijaita tena.

Nayafikiria yale mawingu. Katika kifua kidogo kama ngumi yangu, atomi za chuma zimeshikwa, na oksijeni inakuja kubisha hodi, pumzi kwa pumzi. Najua kwa nini mshiko ni mgumu. Najua hata umbo la obitali zinazoshika. Ujuzi huo haujaisogeza sumu hata unywele mmoja. Asubuhi nilipoteza muda kuueleza mlango jambo la kweli, na kila neno lake lilikuwa la kweli, huku makaa yakiungua ndani. Popo ningeweza kuwataja tangu mwanzo. Sikuwakumbuka, kwa sababu niliona fahari kuwaondoa.

Nimeacha kuandika kidogo. Narudi.

Mvua imeanza kulegea. Kwanza ngoma moja kubwa, sasa matone yanayohesabika. Namsikia Bi Mwanaidi akikohoa. Namsikia Tatu akinong'ona jambo, nadhani ni dua. Nasikia maji ya mfereji yakimwagika kwenye pipa.

Simsikii mtoto.

Ng'ambo ya barabara mwadhini amesafisha koo lake. Nimevaa viatu. Mwavuli uko mkononi, daftari nalifunga.

Nimelifungua tena, na mtaniwia radhi kwa mwandiko.

Adhana ilikuwa imeanza, nami nimeshika pazia tayari kuita, iliposikika sauti nyembamba, yenye hasira, kama mlango mdogo usiotiwa mafuta. Ililia mara moja, ikavuta pumzi, ikalia tena. Kisha ikakatika ghafla. Nilibaki na pazia mkononi. Sikuthubutu kulivuta wala kuliachia. Adhana ikaendelea mpaka mwisho.

“Mwalimu,” Bi Mwanaidi akaita. “Unaandika huko?”

“Naandika.”

“Basi andika: ananyonya.”

Nimeandika.

Ananyonya. Tatu anasema anavuta kwa nguvu, kama anayetudai. Zena bado ana kichwa, lakini ameomba uji na umekaa tumboni. Kesho asubuhi wote wawili wataonwa hospitali, na hilo hakuna aliyelibishia. Fundi nimeshampelekea habari aje na tindo. Atatoboa pale juu, ukuta mzima, nyumba nzima. Popo wakitaka kurudi, nyumba ni yao.

Nilikuwa naenda kuswali, nikamkuta Bi Mwanaidi amesimama kwenye upenu wa mbele, amejifunga kanga ya pili, anatazama mtaa. Nikamwuliza kama kichwa kimepoa.  Yeye aliuliza kama ninamjua mwuza nazi wa nyumba ya kona. Nikasema namjua.

“Mkewe kajifungua wiki hii,” akasema. “Nimemwekea moto mwenyewe. Na mwaka huu wameezeka bati, wameiga yako.”

Tulitazamana. Nikafungua mwavuli.

“Tunaswali kwanza au tunakwenda?”

“Tunakwenda. Lakini wewe kazi yako ni mwavuli. Maneno yaache kwangu. Nitawauliza popo wao wako wapi.”

Ananisubiri ngazini nimalize mstari huu, na ameshaniita mara mbili. Je, nitaweza kufika mpaka nyumba ya kona, nisimame mlangoni pale, na ninyamaze?